Maji ya Rangi, Jua na Sumaku

Tazama kanga iliyoanikwa uani mara nyingi. Siku iliponunuliwa ilikuwa nyekundu ya kung'aa. Sasa imepauka. Upande uliotazama jua umepauka zaidi kuliko upande wa ndani. Ile rangi imekwenda wapi? Sabuni imeondoa kidogo. Kazi kubwa imefanywa na jua. Mwanga wa jua umeivunja rangi vipande vipande, vidogo mno hata jicho haliwezi kuviona.

Kila afuaye nguo analijua jambo hili. Ndiyo maana nguo nzuri huanikwa kivulini, au hugeuzwa ndani nje. Wataalamu wa nchi nyingi wanajaribu kulitumia jambo hilo hilo kusafisha maji yaliyochafuliwa na rangi. Lakini jua peke yake huenda pole pole mno. Kwa hiyo wanalitafutia msaidizi. Msaidizi huyo ni unga laini sana. Unatiwa majini, jua linaupiga, unaivunja rangi, na ukimaliza kazi unavutwa kutoka majini kwa sumaku.

Leo tutaeleza unga huo unavyofanya kazi, na mahali ulipofikia. Kwanza tuzungumze juu ya maji yenyewe, kwa sababu maji ya rangi hayako mbali na sisi.

MAJI YA RANGI YANATOKA WAPI?

Akina mama wasukao mikeka huchemsha ukindu katika maji ya rangi. Wengine hutengeneza batiki. Kila mmoja wao anajua kwamba rangi haiingii yote kwenye ukindu au kwenye kitambaa. Kazi ikiisha, sufuria hubaki na maji mekundu, ya kijani au ya zambarau. Maji hayo humwagwa wapi? Mara nyingi humwagwa pale pale nyuma ya jiko, au kwenye mfereji unaoteremka bondeni. Na bondeni ndiko kwenye kisima.

Zamani rangi zilitoka kwenye mimea. Magome ya mkoko, kwa mfano, hutoa rangi ya kahawia yenye wekundu. Rangi za unga tunazonunua leo zina historia nyingine. Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza wa miaka 18, William Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na vitu vilivyopatikana katika lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata. Alipata matope meusi. Alipoyaosha kwa spiriti yalitoa rangi nzuri ya zambarau, nayo ilishika vyema kwenye hariri. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa viwanda vikubwa vya rangi duniani. Tunaweza kusema kwamba rangi za dukani zilizaliwa katika kutafuta dawa ya ugonjwa wetu.

Rangi hizi zimetengenezwa ili zisichuje. Mnunuzi anataka nguo isiyochuja kwa sabuni wala kwa jasho. Sifa hiyo ni njema kwa nguo, lakini ni mbaya kwa maji. Ganda la ndizi likianguka mtoni linaoza, kwa sababu vijidudu vya majini vinalila. Rangi isiyochuja haiozi upesi. Inakaa majini, na inasafiri na maji.

Viwandani mambo ni makubwa zaidi. Kwa rangi fulani za kutia kwenye pamba, kati ya sehemu 10 na sehemu 50 za kila 100 hazishiki kwenye kitambaa. Zinatoka na maji machafu. Hebu fikiri juu ya kiwanda kinachotia rangi nguo mchana na usiku.

BWAWA LA WAKULIMA WA NOYYAL

Katika India ya kusini, jimbo la Tamil Nadu, kuna mji uitwao Tirupur. Mji huu unajulikana kwa kutengeneza fulana. Fulana zake hupelekwa Ulaya na Marekani. Huenda fulana ya mtumba uliyovaa sasa ilishonwa huko, ikavaliwa Ulaya, kisha ikaja mnadani kwetu. Soma kibandiko cha shingoni. Kama kimeandikwa jina la India, inawezekana.

Karibu na Tirupur unapita mto Noyyal. Viwanda vya kutia rangi viliongezeka mjini hapo hadi kufikia mamia. Maji yao yakaingia mtoni. Huko chini, mahali paitwapo Orathupalayam, serikali ilijenga bwawa kwa ajili ya wakulima. Lilimalizika mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nia ilikuwa njema kabisa: maji ya mto yakusanywe, wakulima wamwagilie mashamba wakati wa kiangazi.

Kilichokusanyika bwawani kilikuwa maji ya viwanda. Yalikuwa na rangi, na yalikuwa na chumvi nyingi, kwa sababu pamba hutiwa rangi kwa kutumia chumvi. Maji hayo yakapenya ardhini yakaingia visimani. Mkulima aliyengoja bwawa kwa miaka akalipata, lakini maji yake hayakufaa kwa shamba wala kwa ng'ombe.

Wakulima wa Noyyal hawakukaa kimya. Waliunda chama, wakaenda mahakamani. Kesi ilichukua miaka mingi. Mwezi Januari 2011 Mahakama Kuu ya Madras iliamuru viwanda vya kutia rangi vya Tirupur vifungwe mpaka viweze kufanya kazi bila kutoa hata tone la maji machafu mtoni. Mamia ya viwanda vikasimama. Wafanyakazi wengi wakakosa kazi kwa muda. Nao walikuwa watu wenye watoto wa kulisha. Hapo utaona ugumu wa jambo lenyewe: upande mmoja shamba na kisima, upande wa pili mshahara. Baadaye viwanda vilijenga mitambo ya kusafisha maji na kuyatumia tena. Mitambo hiyo ni ya gharama kubwa, inakula umeme mwingi, na fundi mdogo hawezi kuimudu peke yake.

Kwa sababu ya gharama hizo, wataalamu wanatafuta njia nyepesi. Jua ni la bure. Kama jua lingeweza kufanywa livunje rangi kwa saa chache badala ya miezi, kazi ingekuwa imepungua sana.

RANGI INAMDHURU NANI?

Kwanza inadhuru mto. Maji yakiwa meusi kwa rangi, mwanga haupiti. Mimea ya majini haipati mwanga wa kutengeneza chakula chake. Mimea ikifa, hewa ndani ya maji inapungua. Samaki wanahitaji hewa hiyo.

Pili inaweza kumdhuru mtu. Hapa hatuna budi kuwa waangalifu, tusitishane bure. Rangi ni za aina nyingi. Nyingine hazina madhara makubwa. Nyingine ni hatari. Kwa macho huwezi kuzitenganisha, wala kwa harufu.

Rangi nyingi za viwandani zimeunganishwa na pingili mbili za naitrojeni zilizoshikana. Naitrojeni ni ile ile iliyomo katika mbolea ya chumvi chumvi. Rangi za namna hii huitwa rangi za azo. Mahali pasipo hewa, kama katika tope la mtoni au ndani ya matumbo ya mtu, vijidudu vinaweza kukata pale kwenye pingili. Rangi inakatika, na maji yanaweza kuwa meupe. Mtu akiyaona atasema, "Maji yametakata." Kumbe vile vipande viwili vilivyokatika vinaweza kuwa vibaya kuliko rangi yenyewe. Baadhi ya vipande hivyo vinajulikana kuleta saratani ya kibofu cha mkojo.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1895 daktari wa Kijerumani, Ludwig Rehn, aliwaona wafanyakazi wa kiwanda cha rangi mjini Frankfurt wakiwa na uvimbe katika kibofu. Tangu hapo uchunguzi mwingi umefanywa. Nchi za Ulaya zimekwisha kupiga marufuku rangi za azo zinazoweza kutoa vipande vya aina hiyo katika nguo na ngozi zinazogusa mwili wa mtu.

Wewe unayesuka mikeka, usiogope kwa sababu ulitia rangi ukindu mwaka jana. Wafanyakazi wa Rehn walikaa na vitu hivyo kila siku kwa miaka mingi. Lakini zingatia jambo moja. Ukiona damu katika mkojo, nenda zahanati mapema. Kwetu damu katika mkojo mara nyingi ni kichocho, na kichocho kina dawa. Hata kichocho chenyewe kikiachwa kwa miaka mingi kinaweza kuleta saratani ya kibofu. Kwa hiyo usingoje. Na mwambie mganga kwamba kazi yako ni ya rangi. Asipoambiwa hatajua.

Kuna pia vumbi la rangi. Aina fulani za rangi za unga, zikivutwa puani mara kwa mara, huleta pumu. Mtu anaanza kwa kupiga chafya na kukohoa kila afunguapo pakiti, kisha kifua kinabana.

JE, KUCHEMSHA HAKUTOSHI?

Mtu anaweza kusema, "Sisi huchemsha maji ya kunywa." Vyema sana, endelea kuchemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu, vya kuhara na vya homa ya matumbo. Lakini rangi si kijidudu. Haina uhai, kwa hiyo haifi. Ukichemsha maji ya rangi, maji yanaondoka kwa mvuke na rangi inabaki sufuriani. Ndivyo chumvi ilivyotengenezwa Uvinza tangu zamani: maji ya chumvi yakichemshwa, maji huondoka, chumvi hubaki. Basi ukichemsha maji ya rangi kwa muda mrefu, unapata maji machache yenye rangi kali zaidi.

Wengine hujaza maji maangavu katika chupa nyeupe ya plastiki na kuilaza juani kwa saa 6. Hiyo nayo ni njia nzuri ya kuua vijidudu. Haikutengenezwa kwa ajili ya rangi za viwandani wala dawa za mashamba. Kuchuja kwa kitambaa kunaondoa takataka. Rangi iliyoyeyuka inapita pamoja na maji. Mkaa maalumu wa kusafishia maji, unaotengenezwa kiwandani, huinasa rangi kweli. Lakini hauivunji. Rangi imehama tu, kutoka majini kwenda kwenye mkaa. Mkaa ukijaa, utautupa wapi?

Sasa tunafika kwenye unga wetu. Unga huu haukusudiwi kuihamisha rangi. Unakusudiwa kuivunja.

UNGA NA MWANGA

Mwaka 1972 wataalamu wawili wa Kijapani, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walitangaza jambo la ajabu. Waliweka oksidi ya titani ndani ya maji, wakaipiga kwa mwanga, na maji yakaanza kupasuliwa kuwa hewa mbili ambazo maji yametengenezwa nazo. Oksidi ya titani unaijua. Ndiyo inayofanya rangi ya ukutani iwe nyeupe, na dawa nyingi za meno pia.

Kwa nini inafanya hivyo? Ndani ya kila kitu kuna chembe ndogo sana za umeme ziitwazo elektroni. Mwanga ukilipiga punje la unga huu, elektroni inaruka kutoka mahali pake, kama punje ya mahindi inavyoruka katika kikaango. Mahali ilipotoka panabaki tundu. Elektroni iliyoruka inaungana na hewa iliyo ndani ya maji. Tundu nalo linanyang'anya elektroni kutoka kwa maji. Hapo vinazaliwa vitu vikali sana, vyenye njaa ya kunyang'anya, vinavyoishi kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Vikikutana na rangi vinaishambulia na kuikata. Vinakata na vile vipande pia. Kazi ikifanyika mpaka mwisho, rangi inageuka kuwa maji, hewa ya ukaa na madini kidogo.

Unga wenyewe hauliwi katika kazi hii. Ni kama kisu. Kisu kinamenya mihogo gunia zima, nacho kinabaki kisu. Ila kisu huwa butu, na unga huu nao huwa butu. Tutarudi hapo.

Oksidi ya titani ina kasoro moja kubwa. Ni nyeupe. Kitu cheupe ni cheupe kwa sababu kinarudisha mwanga wote tunaouona. Unga mweupe basi unautupa mwanga huo badala ya kuutumia. Unatumia tu mionzi isiyoonekana, iitwayo urujuanimno, ile inayochoma ngozi. Ndugu zetu wenye ualbino wanaijua vizuri zaidi kuliko sisi wengine. Katika kila sehemu 100 za nguvu ya jua linalotufikia, urujuanimno ni kama sehemu 5 tu. Mwanga unaoonekana ni karibu nusu. Kutumia urujuanimno peke yake ni kama kuvuna debe moja na kuliacha shamba lililobaki.

Kwa hiyo wakatafuta unga wenye rangi yake wenyewe, unaoweza kunywa mwanga unaoonekana. Upo wa rangi nyekundu-kahawia unaotokana na chuma. Upo wa manjano, nao hutengenezwa kwa kitu ambacho mkulima anakijua: mbolea ya urea. Urea ikipashwa moto katika tanuri, kama nyuzi joto 550, hugeuka kuwa unga wa manjano. Unga huo hunywa mwanga wa zambarau na wa bluu uliomo katika jua. Tafadhali usijaribu kupika urea jikoni. Inatoa moshi wa hatari wa amonia na sumu nyingine, na tanuri lao limefungwa kwa namna ambayo jiko lako halikufungwa. Afadhali urea yako ibaki shambani.

KWA NINI SUMAKU?

Unga huu lazima uwe laini sana. Kadiri unavyosagwa, ndivyo unavyopata sehemu nyingi za kugusana na rangi. Muhogo mzima hukauka pole pole; ukikatwa vipande hukauka upesi, kwa sababu hiyo hiyo.

Laini kiasi gani? Chukua rula ya mtoto wa shule, utazame milimita moja. Ukiigawa milimita hiyo sehemu milioni moja, kila sehemu inaitwa nanomita. Punje za unga huu zina upana wa nanomita chini ya 100. Unywele mmoja wa mtu una unene wa nanomita kama 80,000. Maana yake, punje elfu moja zikipangwa mstari zinaweza kutoshea katika unene wa unywele mmoja.

Hapo ndipo lilipo tatizo. Unga laini namna hiyo hautui chini ya ndoo. Unaelea kwa muda mrefu. Kitambaa hakiuzuii. Ukisafisha rangi na kuuacha unga majini, umeondoa uchafu mmoja na kutia mwingine, na unga wenyewe umeupoteza.

Sumaku ndiyo jibu lao. Unaweza kujionea jambo hili wewe mwenyewe. Chukua sumaku ya spika ya redio iliyokufa. Ifunge katika mfuko wa nailoni. Ipitishe juu ya mchanga mkavu wa mtoni. Mara nyingi utaona chembe nyeusi zimeushika mfuko. Toa sumaku mfukoni, na chembe zitaanguka. Nyingi ya chembe hizo nyeusi ni jiwe la chuma liitwalo magnetaiti. Wataalamu hutengeneza magnetaiti ile ile, lakini kwa punje ndogo za nano, kisha huivika ule unga unaokula mwanga.

Fikiria embe. Katikati kuna kokwa, nje kuna nyama. Magnetaiti ni kokwa. Unga wa kuvunja rangi ni nyama. Lakini wataalamu waligundua kwamba vitu hivi viwili vikigusana moja kwa moja mara nyingine vinagombana. Elektroni zinakimbilia kwenye chuma, kazi inapungua, na chuma chenyewe kinayeyuka kidogo. Kwa hiyo wengine huweka ganda jembamba katikati, la kitu kile kile kinachotengeneza mchanga mweupe na kioo.

Punje za magnetaiti zikiwa ndogo sana zina tabia ya kupendeza. Sumaku ikisogezwa zinaivuta. Sumaku ikiondolewa zinasahau, hazigandamani zenyewe kwa zenyewe. Basi mtaalamu anaweka sumaku ubavuni mwa chombo cha kioo, na baada ya dakika chache unga wote umejikusanya upande ule. Anamimina maji. Unga unabaki. Anauosha na kuutumia tena.

USIDANGANYIKE NA MAJI MEUPE

Wataalamu waaminifu hufanya jambo moja linalofaa kuigwa. Kabla ya kuwasha taa, wanakoroga maji na unga gizani, mara nyingi kwa nusu saa. Kwa nini gizani? Kwa sababu rangi nyingine hunata tu kwenye unga, kama inavyonata kwenye mkaa. Wanataka kujua ni kiasi gani kimenata na ni kiasi gani kimevunjwa kweli na mwanga. Kisha wanaweka mwanga, na kila baada ya muda wanachota maji kidogo na kuyapima. Wanaofanya kazi vizuri zaidi hawapimi wekundu au ubluu peke yake. Wanapima pia vipande vilivyobaki, kwa sababu, kama tulivyoona, maji meupe yanaweza kubeba vipande vya sumu.

Na sasa mahali ulipofikia. Unga huu unafanya kazi vizuri katika maabara. Mara nyingi chombo ni kidogo, kama glasi ya chai, na maji yametiwa aina moja ya rangi, kama bluu ya methilini au rodamini. Maji ya kiwanda hayako hivyo. Yana rangi nyingi pamoja, yana sabuni, yana wanga, yana chumvi. Yakiwa meusi sana mwanga hauingii, na unga unakaa gizani kama mfanyakazi aliyefungiwa nje ya kiwanda. Unga wenyewe, baada ya kutumiwa mara kadhaa, huanza kuwa butu, au hupotea kidogo kidogo kila unapooshwa.

Halafu kuna chumvi. Unga wa mwanga unavunja rangi, chumvi hauivunji. Wakulima wa Noyyal wangepewa unga huu mwaka ule, maji ya bwawa lao yangeweza kupungua rangi, lakini yangebaki na chumvi ya kuua mimea. Kwa maoni yetu jambo hili linafaa kusemwa kwa sauti, kwa sababu habari za ugunduzi mpya mara nyingi hutufikia zikiwa zimeachwa nusu.

Kwa hiyo, mtu akija kijijini na pakiti ya unga mweusi au wa manjano, akisema ni dawa ya kisasa ya kutakasa kisima kwa jua na sumaku, usinunue. Mpeleke kwa afisa afya wa kata. Unga laini namna hii ukivutwa puani unaweza kufika ndani kabisa ya mapafu. Haufai kuchezewa katika ndoo ya nyumbani, hata mikononi mwa mtu mwenye nia njema.

MAJI YAKO YA RANGI LEO

Unga huo haujafika kwetu, lakini ukindu unachemshwa wiki hii. Basi tuseme yanayowezekana sasa.

La maana kuliko yote ni kupunguza rangi inayobaki sufuriani. Pima unga wa rangi kwa kijiko, usikisie kwa mkono. Maji ya rangi yakibaki na nguvu, tia ukindu mwingine. Wa kwanza utatoka mwekundu sana, wa pili mwekundu kiasi, wa tatu waridi. Msusi hodari anaipenda rangi hafifu kama rangi kali, kwa sababu mkeka unaitaka yote miwili. Endelea mpaka maji yamebaki hafifu. Kila rangi iliyoingia kwenye ukindu ni rangi isiyokwenda kisimani, na ni fedha yako pia.

Maji yaliyobaki yasimwagwe mtoni, wala karibu na kisima, wala kwenye bustani ya mchicha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Chukueni kipimo hicho kama mwongozo wenu hata kwa kisima, na kwendeni mbali zaidi mkiweza, upande wa chini wa mteremko. Kikundi cha wasusi kinaweza kuchimba shimo moja pana, lisiwe refu, likatandikwa nailoni nzito isiyotoboka. Maji ya rangi yanamiminwa humo na jua linayakausha. Lizungushieni ua, maana mtoto hupenda maji mekundu. Wakati wa masika lifunikeni, la sivyo mvua italijaza na kulimwaga. Ukoko unaobaki ukusanywe katika kopo lenye kifuniko, na afisa afya aulizwe pa kuupeleka. Usichomwe moto.

Wanaotengeneza batiki wana kazi ya ziada, kwa sababu wengi wao hutumia kostiki, ile ile ya kutengenezea sabuni. Kostiki inachoma ngozi na macho. Vaa glavu za mpira. Tia kostiki katika maji, usimimine maji juu ya kostiki, kwa maana inaweza kuchemka ghafla na kukurukia usoni. Ikikurukia, jioshe kwa maji mengi safi kwa muda mrefu, kisha ukimbilie zahanati.

Fungua pakiti ya rangi mahali pasipo upepo mkali, ukiwa umejifunga kitambaa puani na mdomoni. Mwenye pumu asiifanye kazi hiyo. Ampe mwenzake, yeye asuke. Nawa mikono kabla ya kula na kabla ya kumnyonyesha mtoto.

Sufuria ya rangi isiwe sufuria ya ugali. Hata ikisuguliwa kwa mchanga mpaka ikang'aa, ibaki ya rangi. Mwiko wake pia. Vitieni alama, kwa mfano kitambaa chekundu kilichofungwa mpinini, na muviweke mbali na jiko, ili mgeni au mtoto asije akavichukua kupikia uji.